Tonge Lililorukwa

Jana usiku niliota nimesimama mbele ya mdomo wa Eliamani na sufuria ya mchicha mikononi, na mdomo ulikuwa mpana kama lango la godauni.

Eliamani ni mtoto wa dada yangu Nakijwa. Ana miaka sita. Tangu tumzike mama yake, ugali mkavu anakula, lakini mchicha anautema, na papai analitema. Zahanati wamesema damu yake inapungua. Kila jioni namlisha kama tulivyolishwa sisi nyumbani Upareni, kila tonge na mtu wake: hili la bibi, hili la mjomba Elinami, hili la shangazi. La mama yake naliruka, nisimwamshie kilio.

Basi, pale langoni jino la mbele, lile linalocheza siku hizi, limekaa kwenye kiti cha plastiki na kofia ya mgambo. Matonge yamepanga foleni.

"Wewe wa nani?" Jino linauliza.

"Wa bibi," linajibu tonge la kwanza.

"Bibi mwenyewe yuko wapi?"

Yupo. Mama yangu amesimama nyuma ya tonge, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mwanangu, nimeambiwa nimekuja kuliwa," ananiambia kwa upole. "Nivue viatu?"

"Sijui, mama."

"Vua," linasema Jino. "Ndani kuna ulimi."

Anavua, anapita. Kaka Elinami naye anapita na baiskeli yake. Shangazi anapita na karoti, wanagombana nani atangulie.

Kisha linakuja tonge la mchicha limeshikana mkono na kipande cha papai. Nyuma yao hakuna mtu.

"Nyie wa nani?"

"Muulize huyu," Papai linasema, linanionyesha mimi.

Nikainamia sufuria yangu.

"Tonge lisilo na mtu halipiti," linasema Jino. "Na hili lisipopita, waliopita wanarudi. Ndio utaratibu."

Kweli, mama anatoka, viatu mkononi. Elinami anatoka akirudisha baiskeli kinyumenyume.

"Kila jioni hivi hivi," analalamika. "Tunaingia, tunatemwa. Mdogo wangu, kwani unatuchezea?"

Nilitaka kumjibu, lakini lango halikuwepo tena. Niko bombani nyuma ya nyumba yetu, na Nakijwa amechuchumaa anaosha mchicha. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni maji, yalikuwa yanapanda kurudi bombani.

"Dada, wewe si umekufa?"

"Nimekufa, ndiyo. Nani kakwambia nimehama?" Anakung'uta majani. "Mtoto anamngoja mama yake, wewe unampitishia Elinami na baiskeli."

"Niliogopa atalia."

"Si alie! Mtoto akilia, mdomo si unafunguka?"

Nikanyoosha mkono kuupokea mchicha. Nilipoushika, nilikuwa nimesharudi langoni, na wote wananitazama, pamoja na karoti.

"Hili," nikasema, "hili la mama."

Nikageuka. Nakijwa amesimama nyuma ya tonge, mikono bado inachuruzika maji. Hakuniaga. Alivua kandambili zake, akaziweka pembeni vizuri, akaingia. Wengine wakamfuata, na hakuna aliyerudi.

Jino likasimama, likavua kofia.

"Zamu yangu imeisha," likasema, likanipa mkono. Sikujua kama niushike au niuachie.

Niliamka kumekucha, ngumi yangu imekaza hadi vidole vinauma. Eliamani alikuwa amelala ubavuni mwangu, michirizi ya machozi imemkaukia shavuni. Nikafungua ngumi. Ndani mlikuwa na jino dogo, na kwenye jino kijipande cha jani la mchicha, bado kibichi.

"Mama mdogo," akasema Eliamani bila kufumbua macho, na hewa ikapiga mluzi kwenye pengo lake. "Mchicha umebaki?"