Ubwiriunga Kichwani mwa Swaumu

Alhamisi mchana, biashara ya bagia ikishapoa, Swaumu alivuka barabara ya stendi ya Ruangwa, akaingia saluni ya Deus na kuketi kwenye kiti cha mwisho. Alikuwa mwanamke pekee aliyenyolewa pale. Zamani wanaume waliokuwa wakisubiri zamu walinyamaza kila alipoingia. Siku hizi walisogeza miguu tu, apite. Alifungua mtandio, akaukunja mapajani. Deus akaifuta mashine kwa spiriti.

"Shikamoo mama. Kinawasha?"

"Marahaba. Kinawasha, mwanangu. Tena afadhali ya jana."

Deus alikuwa kijana wa upande wa Ziwa. Ndugu zake walishuka kusini na ng'ombe. Yeye alishuka na mashine ya kunyolea. Alikuwa na mkono mwepesi. Aliuweka ule wa kushoto juu ya utosi wa Swaumu, akakilaza kichwa upande taratibu, na Swaumu akafumba macho. Tangu mumewe Sadiki afariki, hakuna mkono mwingine uliokuwa umemgusa kichwa, isipokuwa wa daktari wa zahanati, naye alikuwa amevaa glovu.

Mba ilimwanza mwaka ule alipohamia Ruangwa. Ilikuwa magamba meupe, laini, yenye mafuta, yakianguka mabegani hata akiwa ametulia. Daktari alimweleza kuwa hiyo ni mba ya mafuta, maradhi ya kawaida, hayaambukizi. Hayaishi moja kwa moja, ila hutulizwa. Anyoe, dawa ifike kwenye ngozi. Aache mafuta ya nazi, maana akiyapaka anailisha mba. Aoshe kwa shampuu ya dawa, aliache povu likae kidogo, ndipo asuuze. Asikwangue kwa kucha. Swaumu alifuata yote. Mvua zilipokuja kichwa kilitulia, akamshukuru Mungu. Kipupwe kilipoingia, magamba yakarudi vilevile.

Siku hiyo kwenye kiti cha pili alikuwa ameketi Teofili, bwana shamba aliyekuja kikazi kutoka Nachingwea. Deus alipokung'uta kitambaa, unga ukamwangukia Teofili gotini. Aliuokota kwa ncha ya kidole, akausaga, akaunusa.

"Hii siyo mba," alisema. "Huu ubwiriunga."

Hakuna mtu mle ndani ambaye hakuujua ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyamwagia unga mweupe majani na maua ya mkorosho, mpaka maua yakauke bila kushika korosho. Mteja mmoja mlangoni aliitikia kuwa kweli, mwaka huu umewahi.

"Shamba lako liko wapi, mama?" Teofili aliuliza.

"Sina shamba."

"Nasema lile linalokuuguza."

Mashine iliendelea kunguruma nyuma ya sikio lake. "Liko Nambambo," alisema. "Lakini siyo langu."

"Halijapulizwa dawa ya salfa hilo. Waambie wapulize." Kisha Teofili akamgeukia kinyozi wake, akamwambia asimpunguze sana pembeni.

Mikorosho ile ya Nambambo Swaumu aliipanda mwenyewe, mmoja mmoja, enzi Sadiki alipokuwa akifanya vibarua bandarini Mtwara. Maji ya kumwagilia miche aliyateka kisimani na kuyabeba kichwani, ndoo kwa ndoo, kiangazi baada ya kiangazi. Sadiki alirudi miti ikiwa imeanza kuzaa, akaisifu, akajenga nyumba katikati yake. Hawakujaliwa mtoto. Alipokufa, ukoo wake ulikaa, ukasema mali ya mjomba huenda kwa mpwa, na mkorosho ni wa aliyeupanda.

"Nilipanda mimi," Swaumu alisema wakati ule.

"Ulimpandia," wakamjibu. Wakampa godoro, masufuria, kuku wake na heshima zote, na shamba likaenda kwa Jumaa, mtoto wa dada yake Sadiki.

Basi keshoye Swaumu alipanda gari hadi Nachingwea, akachukua bodaboda mpaka Nambambo. Jumaa alimkuta amesimama pembeni ya shamba, na kanga ya pili ameitupa begani. Mikorosho yote ilikuwa imepauka, kama imepitiwa na mtu mwenye gunia la unga lililotoboka. Swaumu alikuwa mkaza mjomba wake, lakini Jumaa alimwita mama, kama alivyomwita tangu utotoni.

"Salfa haijatufikia bado, mama," alisema. "Nasubiri kama wenzangu."

Swaumu alifungua mtandio. Jumaa alikitazama kichwa, akaitazama miti, akakitazama kichwa tena.

"Imefanana," alisema. "Karibu ndani, unywe maji."

Swaumu hakutaka maji ya kunywa. Aliomba beseni. Aliketi barazani, akatoa chupa ya shampuu kwenye mkoba, akaosha kichwa mchana kweupe, akaliacha povu likae kama alivyofundishwa. Wakati povu linakaa aliangalia uani. Mlango wa jiko ulikuwa umebadilishwa. Mti wa limau alioupanda karibu na bafu ulikuwa bado upo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ameosha kichwa.

Alilala kwenye chumba cha wageni, ambacho zamani kilikuwa chumba chake cha kuhifadhia mbegu. Asubuhi Jumaa alibisha hodi.

"Mama, upande wa kisimani imetakata. Upande wa njia bado."

"Huku nyuma ya sikio sikufika vizuri," Swaumu alisema. Akaosha tena, kwa uangalifu, na ilipofika adhuhuri upande wa njia nao ulikuwa umetakata, na maua yalikuwa mekundu kwa mbali kama yanavyotakiwa kuwa. Jirani waliopita walisimama, wakasema shamba limependeza, wakauliza ni dawa gani. Jumaa akawaambia ni mama yake wa Ruangwa. Wakasema hongera, wakaenda zao.

Swaumu aliomba ukoo ukae tena. Walikuja wachache, maana ilikuwa msimu wa kazi, na Mzee Bilali, mkubwa wao, aliwekewa kiti. Swaumu alikaa mkekani, kichwa wazi.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Miti inanijua mimi. Ikiugua nami naugua. Nikijitibu inapona. Nataka mseme ni ya nani."

Mzee Bilali hakuharakisha. Alimwomba ainamishe kichwa, akakikagua, akamwambia Jumaa alete majani mawili ya mkorosho, akayakagua nayo.

"Tumeona," alisema. "Hapa hakuna anayekubishia, binti. Miti inakujua, tena sana. Hata ng'ombe wa hawa wageni wetu wa Ziwa wanamjua mchungaji wao kuliko wanavyomjua mwenye mali. Wanamfuata, wakisikia mluzi wake wanatulia. Lakini jioni mchungaji analala kwake, na ng'ombe wanalala kwa mwenyewe."

"Na mimi kwangu ni wapi?" Swaumu aliuliza.

Mke wa Jumaa akasema chai imeiva, na chai ikaletwa, na mazungumzo yakageukia mnada wa ufuta.

Alipoondoka, Jumaa alimsindikiza mpaka njiani akiwa amembebea kiroba cha mihogo. Hakuwa mtu mbaya. Alimfungia kiroba vizuri nyuma ya pikipiki, akamwambia dereva aende taratibu kwenye mashimo.

"Basi mama," alisema, "uwe unaosha."

Tangu hapo simu ya Swaumu, ambayo ilikuwa haiiti isipokuwa kwa ujumbe wa kampuni, ikaanza kuita kila asubuhi. Alikuwa akiiegemeza kwenye kopo la chumvi, karibu na karai, ili mlio usipotelee kwenye sauti ya mafuta.

"Shikamoo mama. Kichwa kimeamkaje?"

"Marahaba. Kimeamka salama. Utosini pana ukavu kidogo. Na wewe watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Huo ukavu upo upande gani?"

Alimweleza upande. Mara nyingine alijaribu kuongeza neno: kwamba unga wa kunde umeadimika, kwamba mwenye nyumba ameng'oa mlango wa choo ili autengeneze na hajaurudisha. Jumaa alisikiliza kwa adabu, akasema pole mama, akakata. Swaumu aligeuza bagia. Kwa mazungumzo yale mafupi alianza kuchagua mtandio wa kufunga, kana kwamba simu ina macho.

Maua yalipofunguka vizuri, nyuki walimjia. Walizunguka mtandio wake pale mekoni, wengine wakatua, na wateja waliwapunga kwa mkono wakaendelea kuhesabu bagia zao. Miezi ya mwisho wa mwaka kichwa kilitoa mafuta mengi yenye harufu ya mabibo ya mkorosho yaliyoiva, na Deus akawa anabadilisha taulo mara mbili akimnyoa. Swaumu alijua Jumaa anaokota. Mavuno yalikuwa makubwa kuliko ya mjomba wake katika mwaka wowote. Hata watu wa kata ya Mtua waliyasikia.

Kisha korosho zikaisha shambani, na simu ikaacha kuita.

Mvua zilinyesha. Kichwa cha Swaumu kikawa safi, laini, bila gamba wala mwasho. Alipokwenda zahanati kwa ajili ya goti, daktari alimwona, akafurahi.

"Umepona kabisa, mama! Hongera."

"Ahsante," Swaumu alisema, akaomba dawa ya goti.

Usiku alilala akisikiliza bati. Mchana aliuza. Asubuhi aliiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, baadaye akaona inaingia mafuta bure, akairudisha mfukoni. Ilitokea wiki nzima akazungumza na wateja tu, nao walisema bagia ngapi na pilipili ziko wapi.

Kipupwe kiliporudi na magamba ya kwanza yakaanguka begani, aliyaona, na moyo wake ulipiga kama wa mtu aliyesikia hodi. Chupa ya shampuu ilikuwa juu ya kabati, imejaa. Aliiacha hapo. Kichwa kiliwasha mchana na kikawasha jioni, ngozi ikawa nyekundu, naye akavumilia bila kukwangua. Siku ya tatu simu iliita.

"Shikamoo mama. Mbona hujaosha?"

"Marahaba, Jumaa. Nilikuwa sijisikii vizuri."

"Pole sana mama. Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Basi ukipata nguvu uoshe. Maua yanakauka."

"Nitaosha," alisema. "Watoto hawajambo?"

Aliosha siku hiyohiyo, maana miti haikuwa na kosa. Na simu zikarejea, za asubuhi, fupi, zenye adabu, mpaka maua yakashika na korosho zikaanza kuning'inia.

Ilikuwa Jumanne, watu ni wengi stendi, naye anadondosha bagia karaini, alipohisi baridi juu ya paji upande wa kushoto. Haikuwa baridi ya upepo. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa ameweka kidole hapo miaka mingi ameamua kukiondoa. Kabla hajaushusha mwiko ikaja ya pili, pembeni ya ile, halafu ya tatu, halafu ya nne. Alipitisha mkono chini ya mtandio. Ngozi ilikuwepo, nzima, kavu. Kidole kilijua kimegusa kichwa, lakini kichwa hakikujua kimeguswa.

Alilishusha karai pembeni, akampigia Jumaa. Hakuwahi kumpigia yeye kwanza.

"Umekata," alisema.

"Shikamoo mama. Ndiyo, nimekata minne, ile ya karibu na njia. Naongeza vyumba, nyumba imekuwa ndogo. Na magogo yake mazito!" Nyuma yake ilisikika sauti ya shoka na ya watu wanaocheka.

"Ile ndiyo niliyoanza nayo, Jumaa. Ile ya njiani."

"Nilisikia hivyo, mama."

"Sasa si ungeniambia?"

Jumaa alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Niliona sina haja ya kupiga simu. Nilijua utajua."

Swaumu aliitikia kwamba sawa. Alimtumia mkewe salamu, akaikata simu, akalirudisha karai motoni kwa sababu watu watatu walikuwa wamesimama wanasubiri.

Jioni chumbani aliosha kichwa, kwa kuwa mingine iliyobaki ilikuwa bado inabeba. Aliliacha povu likae. Alipojimwagia maji aliyasikia yakishuka kisogoni, nyuma ya masikio, shingoni. Kwenye zile sehemu nne hakuyasikia. Ilimbidi apapase kwa kidole kujua kama povu limetoka. Halikuwa limetoka. Akachota maji mengine, akapasuuza hapo taratibu, moja, nyingine, nyingine, na nyingine.