Ncha Nyeusi za Kalunguyeye wa Mlimani

Umeme ulipokatika maabara nzima iliguna, lakini aliyekaukiwa na mate alikuwa mmoja tu: mtafiti kijana ambaye wenzake walimwita Bibi Miiba, kwa kuwa masomo yake yote yalihusu kalunguyeye. Ndani ya kabati la joto mlikuwa na chupa moja bapa ya seli, zilizooteshwa kutokana na kipande kidogo cha sikio la kalunguyeye wa mlimani. Mnyama mwenyewe alikwisharudishwa vichakani kwake. Seli zikipoa zitakufa, na utafiti utazikwa nazo.

Profesa aliyemsimamia aliwahi kuandika kitabuni kwamba kalunguyeye wa mlimani na wa bondeni wana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, zisizotofautiana hata chembe. Bibi Miiba alishuku vingine. Basi alipomwona mzee huyo akiingia, alijisogeza mbele ya kabati. Chupa ikifa, ubishi umekwisha, na Profesa ameshinda bila kutoka jasho.

"Jenereta?" Profesa aliuliza.

"Bovu, Profesa."

"Lete chupa. Kaza kifuniko."

Aliizungushia kitambaa safi, akafungua vifungo vya shati, akaitia ndani ya fulana, juu ya kitambi chake kilichojulikana chuo kizima.

"Joto la mwili ndilo wanalolitaka hawa. Haya, mimi nina kikao."

"Kikaoni nayo, Profesa?"

"Ulitaka nimwachie jirani?"

Bibi Miiba alimfuata hadi mlango wa ukumbi, akachungulia. Profesa alikaa wima kama bwana harusi ukweni, mikono yote miwili tumboni.

"Mwenzetu, tumbo linakusumbua?" Mkuu wa kitivo alimuuliza.

"Nina mimba. Changa bado, msinichekeshe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakutikisika. Hata kalamu yake ilipoanguka, aliitazama tu chini ya meza, akaazima ya jirani.

Umeme ulirudi jioni. Chupa ikarudishwa kabatini ingali vuguvugu, na seli zilikuwa hai.

Siku zilipotimia, Bibi Miiba alizidondosha seli kwenye vioo, akazipaka rangi, akainamia darubini kuzilinganisha na za kalunguyeye wa bondeni alizokwisha kuziandaa zamani. Idadi ya kromosomu ilikuwa ile ile kwa wanyama wote wawili. Lakini za yule wa mlimani, baadhi zilikuwa na ncha nene nyeusi, kama miguu iliyovaa soksi. Za wa bondeni zilikuwa peku.

Akapiga moyo konde, akamwita Profesa. Mzee alitazama, akafuta miwani, akatazama tena. 

"Nilikosea," Profesa alisema mwishowe. "Andika hivyo hivyo, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Siku ile ulijua seli hizi zingeweza kukuumbua?"

"Nilijua, mwanangu. Lakini kama zingekufa, ningebaki na swali lile la kama wanatofautiana mpaka naingia kaburini." Akavuta kigoda, akaketi. "Rangi yetu ya zamani ilizipaka zote sawa. Hii yako unaifanyaje? Nifundishe."

Bibi Miiba alitaka kushukuru, badala yake akavuta boksi la vioo. Alimwekea kioo kipya mbele yake, akaanza kumwelekeza. Hatua ya pili akaikosea kwa machozi.

"Polepole, mwalimu," Profesa alisema, "mimi sina haraka."

Bibi Miiba akaanza upya.