Mbuzi wa Mahafali

Magdalene alikuwa amefundisha kwenye chuo kimoja pale Ruiru miaka tisa bila barua ya kazi. Miaka tisa jamani! Kila muhula anaitwa kama fundi wa kuziba bati linalovuja, akimaliza anaambiwa asante, nenda. Kwa hiyo walimu vibarua wenzake walipokutana kantini na kukubaliana kwamba hakuna atakayepeleka alama za wanafunzi mpaka kila mtu apewe barua yake, yeye ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Chege, kiongozi wao, akasema, "Atakayetusaliti, Mungu anamwona." Wakaomba, wakatawanyika.

Wiki ya tatu ya mgomo huo, mwanafunzi wake Dianah akamfuata Magdalene mpaka nyumbani kwake Thika. Msichana wa Ngoliba, mtulivu, hajakosa darasa hata siku moja.

"Madam, baba ni mgonjwa sana. Daktari ametuambia turudi naye tu nyumbani. Anangoja kuniona na joho. Ametenga mbuzi, anasema huyo ni wa graduation, asiguswe."

Karatasi za mtihani zilikuwa pale juu ya kabati, zimesahihishwa zote. Dianah alikuwa na sabini na nne. Moyo ulimuuma Magdalene, ukamuuma kweli. Lakini wenzake angewaambia nini?

"Ngoja kidogo, mama," alisema. "Wakitupatia barua leo, kesho nazipeleka."

"Sawa, Madam."

Hakulia wala hakubishana. Heri angebishana.

Orodha ya mahafali ilibandikwa Ijumaa. Magdalene alienda kuitazama akijua majina yatakuwa machache. Wapi! Alama za masomo yote zilikuwa zimeingia. Wanafunzi thelathini na mmoja wa somo lake ndio peke yao walioachwa nje.

Alimpata Chege ofisini, barua mpya ya kazi iko mezani.

"Kumbe ulipeleka?"

"Aii, Madam, sote tulipeleka. Kila mtu ana watoto. Tulidhani hata wewe umepeleka kimyakimya."

Hata aibu hakuona, mtu huyo! Magdalene alikimbia na karatasi zake hadi kwa karani. Karani akamwambia orodha imefungwa, hao ni wa mwaka ujao.

Mzee Kitheka, babake Dianah, alifariki siku mbili kabla ya mahafali.

Magdalene alienda mazishini Ngoliba, akakaa nyuma kabisa ya hema akiomba asitambulike. Baada ya maziko Dianah alimwona. Alimletea maji ya kunawa, kisha sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na nyama juu yake nyingi kuliko ya mgeni mwingine yeyote.

"Dianah, nimekukosea."

"Kula, Madam. Ni yule mbuzi. Baba aliacha amesema kipande cha kwanza ni cha mwalimu wangu."

Mamake Dianah na majirani waligeuka kumtazama mwalimu aliyesifiwa na marehemu, wakitabasamu kwa macho mekundu, wakingoja aanze ndipo nao wale. Magdalene akashika kile kipande, akala.