Siku Kopo la Baba Liliposhushwa

Niliapa nitamwambia mwenyewe. Nilishajipangia: ale kwanza, ashibe, tukifika kwenye kitindamlo nimshike mkono nimwambie, Baba, leo saa tisa nakupeleka nyumba ya wazee mjini, na hutarudi tena hapa. Ujinga mtupu! Kana kwamba shibe inaweza kulainisha maneno kama hayo.

Lakini ningefanyaje? Majira ya baridi yaliyopita alianguka ngazini mara tatu, na mara ya mwisho alilala sakafuni mpaka mleta barua alipomsikia. Mimi naishi mwendo wa saa nne kutoka kijijini kwetu, nina kazi, nina mume mgonjwa. Karatasi nilizitia saini Jumatano. Sanduku lake lilikuwa kwenye buti ya gari, limefunikwa blanketi la mbwa.

Tukaingia Baa ya Plau saa saba kamili, kama kila Jumapili ninapokuja. Moto unawaka, mbwa wamelala chini ya meza, harufu ya nyama ya kuoka mpaka mlangoni.

"Wilf, leo umefunga tai!" akasema Norman, mfuga kondoo, rafiki wa Baba tangu shule. "Unaoa?"

"Naoa, ndiyo. Mama yako kakubali."

Siku nyingine Norman angemjibu ovyo, wakachekana nusu saa. Siku ile alitabasamu tu, akageuka kumwagizia Baba bia, na zamu ya kununua haikuwa yake. Pauline, mke wa mwenye baa, akatuletea sahani. Ya Baba ilikuwa na vipande vinne vya nyama ya ng'ombe badala ya viwili, na kimkate cha mayai kimeumuka hadi kimepita ukingo wa sahani. Nikaanza kuogopa. Ijumaa nilimpigia Pauline simu kuweka meza, nikamwambia wamtendee vizuri kwa kuwa ndiyo mara yake ya mwisho. Sikumwambia kwamba mwenyewe hajui. Mpumbavu mimi, lilinitoka kabisa akilini.

Mume wa Pauline, Desmond, akazunguka kaunta amebeba kitu kwenye kitambaa cheupe. Nikajua ni nini kabla hajakifunua. Pale Plau kila mteja wa siku zote ana kopo lake la bati, limetundikwa kwenye kulabu juu ya kaunta. Hushushwa kunywewa, likarudishwa. Likisuguliwa likafungwa kitambaa, basi mwenyewe amekufa, au amehama moja kwa moja.

Nilitikisa kichwa, nikamkonyeza, nikampungia mkono chini ya meza. Desmond alikuwa anajizuia kulia, hakuniona.

"Wilf," akasema, "tumekusugulia. Miaka hamsini na mmoja, mzee wangu. Huko uendako unywee hili hili."

Baba akaligeuza kopo, akasoma herufi za jina lake.

"Kwani nimekufa, Desmond?"

"La, la, si hivyo."

"Basi nahama."

Desmond akanitazama. Baa nzima ikanitazama.

"Hilary, nahamia wapi?"

Nilikuwa na maneno yote niliyoyakariri njia nzima. Likatoka hili: "Baba, mchuzi unapoa."

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Nyumba ya wazee. Mjini. Ina bustani nzuri."

"Lini?"

"Leo. Saa tisa."

Laiti angenifokea! Angepiga meza, angeniita mtoto asiye na shukrani, ningekuwa na la kujibu. Alilisukuma tu kopo kumrudishia Desmond.

"Litundike. Binti yangu amekosea siku."

Desmond hakulishika. "Wilf, nisamehe. Kulabu ile tumempa mkwe wa Norman. Jana."

"Yule anayekunywa soda?"

Norman alikuwa ameinamia bia yake, masikio mekundu. Nikasema, "Desmond, si mpigilie tu nyingine!" kwa sauti kubwa, kama mwendawazimu, na Desmond akasema ndiyo, ndiyo, kesho asubuhi, nasi sote tukajua kesho asubuhi Baba atakuwa wapi.

Baba akashika kisu na uma. Alikata nyama vipande vidogo vidogo, akala vyote, vinne, bila kuinua macho. Mimi sikuweza kumeza hata kiazi. Pauline akaja kuchukua sahani, akauliza kwa sauti ndogo kama tungependa kitindamlo.

"Hapana, Pauline. Chakula kilikuwa kizuri sana," Baba akajibu, kisha akaniinamia sikioni. "Nisimamishe twende, Hilary. Sitaki kulia mbele ya watu hawa."

Nikamshika mkono. Mimi nilikuwa tayari nalia.