Bustani ya Fundi Saa

Fundi saa alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakamkauka mdomoni. Mkewe, mshonaji wa nguo, alimhamishia kitanda sebuleni, kando ya tangi la samaki ambalo mumewe alilitunza miaka tisa. Humo mzee alikuwa ameotesha mimea kama bustani, na sasa kutwa alilala akiitazama.

Bila mikono yake, mimea ilianza kung'oka na kuelea. Mkewe alikumbuka mumewe alivyozoea kusema: "Hii ya majani mapana usiifukie shina, litaoza. Ifunge juu ya jiwe, mizizi itashika yenyewe." Akakaa kitako na uzi wa cherehani, akafunga mche mmoja baada ya mwingine. Alipokaza mno, mzee aliguna. Alipolegeza, alinyamaza. Wiki ile walielewana kama maharusi.

Shida ilikuwa taa ya tangi. Ikizimwa tu, mzee alipiga kelele kama mtu anayezama. Mkewe akaiacha iwake usiku na mchana. Haukupita nusu mwezi mwani ukatanda: kwanza vumbi la kijani kwenye kioo, kisha nyuzi ndefu zilizoyanyonga majani.

Alimwendea muuza samaki wa mapambo.

"Mama, taa saa saba kwa siku, basi. Zaidi ya hapo unafuga mwani."

"Ndio mfugo pekee unaonenepa nyumbani kwangu."

Muuza samaki alicheka. Yeye hakucheka.

Dada wa mgonjwa naye alipokuja kumjulia hali, alipitisha kidole kwenye kioo. "Wifi, kaka yangu alikuwa mtu msafi. Sasa unamlaza kando ya dimbwi?"

Maneno yale yalimkaa rohoni. Kesho yake mchana, mzee aliposinzia, mkewe alizima taa, akafunika tangi kwa shuka ili mwani ukose mwanga, akaenda jikoni kuchemsha maji ya kumwogeshea.

Alisikia kishindo. Alimkuta sakafuni, shuka mkononi, nyonga imevunjika.

Hospitalini kikampata kiharusi cha pili. Baada ya siku kumi na saba alirudishwa nyumbani. Mkewe alikuwa amesugua kioo kwa wembe, amefunga miche mipya, amewasha taa. Alimgeuza taratibu.

"Baba, tazama bustani yako."

Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuwafuata samaki. Binti yao, aliyekuja kusaidia, alipitisha kiganja mbele ya uso wa baba yake. Kope hazikucheza.

"Mama, haoni."

"Amechoka tu."

"Daktari alituambia. Ulikuwepo, mama."

Siku tatu mama alikaa kando ya kitanda akimsimulia mumewe samaki yupi kajificha wapi, jani gani limechipua. Siku ya nne alimwita muuza samaki aje awachukue samaki wote. Maji waliyateka ndoo kwa ndoo, yeye na binti, mpaka mimea ikalala chali juu ya kokoto.

"Tungemwachia baba hata kidogo," binti alisema.

"Tumwachie nani?"

Wifi alipiga simu. Mshonaji akamwambia kaka yake hajambo, akakata. Kisha wakamgeuza mgonjwa ubavu wa pili ili asipate vidonda, mama akishika mabega, binti miguu. Alikuwa mwepesi kuliko jana yake.