Kituo cha Tatu

Kila siku saa moja na robo asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya bei za korosho, Severina alisoma matokeo ya besiboli ya Marekani. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la zamani pale Newala mjini, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mitambo ya redio ilitolewa na mzee mmoja Mmarekani aliyewahi kufundisha Masasi enzi za ujana wake, naye alikuwa na sharti moja tu: matokeo yasomwe kila siku, yote, hata ya timu zinazoburuza mkia. Alisikiliza kwa intaneti kutoka kwao. Kiswahili alikuwa amekisahau, lakini majina ya timu aliyatambua, na lilipokosekana moja alipiga simu.

Wasikilizaji walizoea. Hakuna aliyewahi kuuona mchezo wenyewe, ila bodaboda wa Chiungutwa walikuwa mashabiki wa Pittsburgh, Tandahimba walikuwa wa Cleveland, na mrushaji mpira wa Cleveland alipoumia kiwiko watu walipeana pole sokoni.

Severina alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, shahada ya Kiswahili, na hakutaka kusoma maneno ya Kizungu yaliyovishwa irabu. Aliamini kwamba kila kitu duniani kinaweza kusemwa kwa Kiswahili na kikaeleweka Newala. Basi akakaa na kamusi. Awamu ya mchezo akaiita zamu. Pale mkimbiaji anapomalizia mbio zake akapaita nyumbani. Zile sehemu tatu za kukanyaga njiani akaziita vituo: kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu. Mkimbiaji akinyatia na kukifikia kituo cha mbele kabla mpira haujarudi, Wamarekani husema amekiiba. Naye akasema hivyohivyo: ameiba kituo.

Jumatatu moja, korosho zikiwa zimeanza kudondoka, alisoma kwamba Pittsburgh imeifunga Cincinnati saba kwa mbili, na kwamba katika zamu ya sita mkimbiaji wa Pittsburgh ameiba kituo cha pili. Asubuhi hiyo, katika kijiji cha Namtunga, kituo cha pili cha maji hakikuwepo.

Wanawake waliofika na ndoo walikuta zege limeondoka, koki nne zimeondoka, na paa la bati na benchi la mtunza kituo pia. Ardhi ilikuwa sawa kama ua uliofagiliwa. Koki zile zilitoa maji siku ya uzinduzi, mpaka wageni walipopanda magari yao, na tangu hapo wanawake walipita kila asubuhi kuangalia kama yamerudi. Mmoja alichukua jembe akachimba pale koki zilipokuwa. Alichimba hadi kiunoni. Hakukuta bomba, wala mtaro wa bomba.

"Kumbe tulikuwa tunapanga foleni kwenye zege," alisema.

Kisha wakashuka bondeni kuchota maji chemchemini, kama walivyokuwa wakishuka siku zote.

Habari ilifika kila mahali kabla ya adhuhuri. Kukosa maji hakukumtisha mtu. Kilichowatisha ni kwamba jambo lilitangazwa kwanza redioni, kwa sauti ya upole, likiwa na namba. Kesho yake watu walikaa kimya kusikiliza matokeo, wengine wameshika milango ya nyumba zao. Mtu mmoja alipiga simu studio kuuliza kama kituo cha kwanza nacho kinaweza kuibwa. Severina akaeleza hewani kwamba sheria za mchezo haziruhusu. Cha kwanza mtu hufika kwa haki yake, hakiibwi.

Baada ya hapo kila kitu kikawa cha kwanza. Kituo cha mabasi kilipakwa rangi kikaandikwa cha Kwanza. Kituo cha polisi nacho. Kwenye barabara ya Chiungutwa kulikuwa na vituo vinne vya bodaboda vinavyofuatana, vyote vya kwanza.

Kituo cha afya cha Namtunga kilishindikana. Kilikuwa cha tatu kujengwa katika tarafa ile, na watu wote walikiita Kituo cha Tatu. Kibao chake kilikuwa mali ya serikali, hakiwezi kupakwa rangi bila kibali. Kijiji kiliomba kibali. Kiliambiwa kisubiri.

Agatha, dada yake Severina aliyeolewa palepale Namtunga, alikuwa anasubiri pia. Alikuwa na mimba kubwa. Alipomzaa Wema, mtoto wake wa kwanza, alitoka damu nyingi mno, na alipona kwa sababu Kituo cha Tatu kilikuwa ng'ambo ya shamba tu. Nesi Oliva alimwambia wazi kwamba huyu wa pili asijaribu kumzalia nyumbani.

Jumapili Severina alikwenda kumwona. Petro, mume wa Agatha, alikuwa kibarazani anamenya mihogo.

"Shemeji, karibu. Hivi huyo jamaa wa Pittsburgh, anakimbia sana?"

"Anakimbia, Baba Wema."

"Mwambie apumzike kidogo. Mke wangu hajazaa."

"Mimi nasoma tu."

"Hata anayetangaza msiba anasoma tu, lakini tukimwona anakuja tunajificha."

"Mwache mdogo wangu," Agatha alisema kutoka ndani. "Menya mihogo. Umemenya mmoja tangu tutoke kanisani."

Petro alipokwenda kuteka maji ya kupikia, Agatha alimshika Severina mkono.

"Seve, ikitokea habari ya cha tatu, usisome."

"Sitasoma, dada."

"Hata kama ipo."

"Hata kama ipo."

Siku mbili baadaye Bwana Cecil alikuja studio. Ndiye aliyesimamia mradi wa maji wa Namtunga. Alivaa suti ya rangi ya kaki na kushika ufunguo wa gari kama watu wengine wanavyoshika kalamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kiswahili chako kizuri sana. Nyumbani tunakusikiliza." Akaketi. "Kuna neno moja tu linatusumbua. Kuiba."

"Ndivyo wanavyosema wenyewe huko."

"Huko ni huko. Hapa linaleta taharuki."

"Mzee, Namtunga wamechimba. Chini ya kile kituo hapakuwa na bomba."

"Hilo ni suala la kiufundi," Bwana Cecil alisema. "Mimi nimekuja kwa suala la lugha."

Akapendekeza neno kuhamisha. Mkimbiaji amehamisha kituo. Fundi mitambo, Fortunatus, alicheka kidogo kisha akaacha, kwa sababu hakuna mwingine aliyecheka. Severina alilipima neno lile usiku kucha. Kitu kilichoibwa hakijulikani kilipo, aliwaza, lakini kilichohamishwa kipo mahali, kinaweza kufuatwa. Akaona labda hata maneno ya watu kama Bwana Cecil yanaweza kuwa na mlango wa kutokea. Akakubali.

Bwana Cecil akasema atakuwa anakuja asubuhi, mpaka msimu uishe, ili kuhakikisha neno linatumika.

Alhamisi, karatasi ya matokeo ilikuwa imeshatoka kwenye mashine na Severina alikuwa anaipitia, Petro akapiga simu.

"Shemeji, ameanza uchungu. Nampeleka Kituo cha Tatu."

Severina alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa Cleveland, zamu ya nane.

"Mlete Newala, Baba Wema. Mlete hospitali."

"Hana muda huo. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema, kwa sababu alikuwa ameahidi kutousoma mstari ule, na mstari usiposomwa hakuna kitu.

Taa nyekundu ikawaka. Bwana Cecil alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha wageni, karibu kiasi kwamba harufu ya sabuni yake ilijaa chumbani. Severina alisoma Milwaukee. Alisoma Pittsburgh, ambao walipumzika. Alisoma Cleveland tano, Detroit nne, kiwiko cha mrushaji kinaendelea vizuri, kisha akaenda Cincinnati.

Bwana Cecil hakuweza kusema, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi. Aliweka ncha ya ufunguo juu ya mstari ulioachwa, akaugonga taratibu. Tandahimba, Chiungutwa na Newala yote walisikia ule mgongano wa chuma na meza. Severina alimtazama Fortunatus kupitia kioo. Fortunatus alitazama mitambo. Ufunguo uligonga tena. Ulikuwa ufunguo mdogo, na mtu aliyeushika hakuonyesha hasira yoyote. Alikuwa anangoja tu, kama mtu ambaye hajawahi kungojeshwa bure. Severina aliogopa, akasoma.

"Katika zamu ya nane, mkimbiaji wa Cleveland amehamisha kituo cha tatu."

"Vizuri," Bwana Cecil alisema taa ilipozimika. "Umeona? Hakuna taharuki."

Petro alisimamisha pikipiki ng'ambo ya shamba, mahali ambapo mlango wa kituo cha afya ulikuwa. Palikuwa pamefagiliwa. Mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye foleni tangu alfajiri alikuwa bado amekaa chini na kadi yake ya kliniki mkononi. Aliwaambia jengo limeondoka sasa hivi, taratibu, na nesi Oliva alikuwa ndani anachemsha vifaa. Pale wodi ya wazazi ilipokuwa, ardhi ilionyesha kwamba msingi haukuzidi kina cha kiganja.

Agatha alisimama ameshika kiti cha pikipiki.

"Alisoma," alisema.

Fortunatus ndiye aliyempigia Petro simu. Alikuwa akienda kunywa chai alipokiona kituo cha afya kwenye kiwanja cha Bwana Cecil, kile chenye uzio wa nondo, pale wanapoingilia mjini. Kibao kilikuwa mbele, kimenyooka. Kando yake kilisimama kituo cha pili cha maji, kimefungwa kwenye bomba nene linalotoka barabarani, na koki zake zote nne zilitoa maji. Bomba lilionekana la zamani. Nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya mtaro wake.

Lori la korosho liliwachukua. Agatha alilala juu ya magunia, Petro amempakata kichwa. Lilipofika kiwanjani, hospitali ilikuwa bado mbele na kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Wakamshusha getini. Severina alikuwa hapo, amefika akikimbia, anagonga geti kwa viganja.

Mlinzi, Mzee Ashiru, alitoka kwenye kibanda chake. Alisikitika kweli. Lakini funguo za geti zilikuwa kwa Bwana Cecil, na Bwana Cecil alikuwa ameshaondoka kwenda mkutanoni Mtwara.

"Ningekuwa nazo ningefungua, wanangu," alisema. "Ndiyo maana hanipi."

Nesi Oliva alitoka na beseni na mkasi. Alipiga magoti ndani ya uzio, akaagiza Agatha alazwe upande wa nje, miguu ikielekea nondo. Akapitisha mikono. Alikuwa anazungumza muda wote kwa sauti ya kawaida, sukuma, pumzika, usishike hapo pana kutu, na Severina alimshika dada yake mabega akiomba kila anayeombwa. Mtoto alizaliwa akiwa hai. Alikuwa wa kiume, mdogo, wa bluu, na nesi Oliva alimvuta kupita katikati ya nondo akakimbia naye ndani penye joto. Alirudi na sindano ya kuzuia damu, akamchoma Agatha paja kupitia uzio. Damu ikasimama.

Jioni mtoto alikuwa anapumua vizuri. Nesi Oliva alimleta ili apokelewe. Mzee Ashiru alisimama katikati. Alisema ameambiwa kitu chochote kilichoko ndani kisitoke mpaka mwenye kiwanja arudi.

Mkutano wa Mtwara uliongezwa, ukafuatiwa na mwingine Dodoma. Bwana Cecil aliporudi, watu walikwenda kumwona kwa heshima, Petro akiwa mbele na shati lake la kanisani. Aliwapokea vizuri, akawapa soda. Alieleza kwamba yeye hana kituo cha afya katika kiwanja chake, kwa sababu kituo cha afya cha Namtunga kipo Namtunga, taarifa zote zinasema hivyo. Akifungua geti atakuwa amekiri kwamba kuna kitu ndani. Na kama hakuna kituo ndani, basi hakuna mtoto.

"Namwona hapa kutoka dirishani kwako, mzee," Petro alisema. "Amelala."

"Tunalishughulikia," Bwana Cecil alisema.

Wakati huo kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshazidi nafasi ya nondo.

Nesi Oliva anaendelea na kazi. Hajaondoka kituoni, kwa hiyo hakuna anayemwandika utoro, na wajawazito wa Newala wameshazoea kupimwa kupitia uzio. Namtunga wanashuka bondeni. Severina bado anasoma matokeo, na neno ni lilelile, kuhamisha; Bwana Cecil haji tena, hakuna haja. Kila mkimbiaji anapofika nyumbani, Severina husoma mstari huo polepole kuliko mingine, kisha husubiri kidogo kabla ya kuendelea. Fortunatus huiacha ile nafasi tupu hewani na hamharakishi. Hadi sasa hakuna kilichorudi.

Agatha hajamtupia lawama. Amepanga chumba karibu na ghala, na anakwenda uzioni alfajiri, mchana na jioni. Hukaa ubavu, bega likiegemea geti, akapitisha ziwa, na nesi Oliva humsogeza mtoto kutoka upande wa pili. Kabla hawajaanza, Mzee Ashiru huzifuta nondo kwa kitambaa, kwa sababu Newala asubuhi kuna umande, na mtoto hulia akiguswa na chuma cha baridi.