Dawa Kwenye Kikapu cha Sadaka

Jumapili baada ya ibada, mume wangu alimimina sadaka mezani, na katikati ya noti zilizokunjwakunjwa ikaanguka pakiti ya vidonge. Niliitambua kabla hata ya kuishika. Ni mimi niliyempeleka Fundi, yule dada mshonaji wa kanisani kwetu, kliniki, nikakaa naye kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Vilikuwa vidonge vyake vya kifafa, na tangu aanze kuvimeza hakuwahi kuanguka tena.

"Unaiona imani hii?" mume wangu akasema, machozi yakimlengalenga. "Mtu amemtolea Mungu dawa zake!"

"Mimi namwona mtu atakayeanguka," nikamjibu.

Sisi tulikuwa wamisionari katika nchi ya watu. Kanisa la nyumbani lililotutuma lina utaratibu wake: hupiga simu katikati ya ibada, simu inawekwa kwenye spika, na waumini wote wanasikiliza ushuhuda kutoka shambani mwa Bwana. Ushuhuda wenyewe sharti uwe na uzito. Ukiwaambia kwamba bomba limekauka, na kwamba mwenye ukumbi amejaza magunia ya vitunguu pale tunapoabudia, hakuna atakayepiga vigelegele. Basi mume wangu, aliyekuwa amemwombea Fundi mwezi uleule alioanza dawa, alimsimamisha mbele ya simu, na Fundi akasema amepona. Kule nyumbani walishangilia mpaka simu ikakoroma. Mume wangu si mwongo, jamani. Aliamini, tena alitaka mno kuamini, maana miaka ilikuwa imepita na kondoo wake wote bado walitosha kwenye mabenchi mawili.

Jumatatu asubuhi nikaibeba ile pakiti kwenda kwa Fundi. Chumba chao cha mbele kiligawanywa kwa pazia. Upande mmoja ilikaa cherehani yake, upande wa pili kiti cha mumewe, Kinyozi. Huyu bwana hakuwahi kukanyaga kanisani, ila mdomo alikuwa nao.

"Mama Mchungaji!" akaniita, mkasi hewani. "Lini utaniletea kichwa cha mzee nikinyoe? Au nywele nazo ni mali ya Bwana?"

"Ilete wewe roho yako kwanza, nami nitakuletea kichwa," nikamwambia, akacheka yeye na mteja wake.

Nikaingia upande wa pili, nikashusha sauti. Mambo ya kanisa hayaanikwi mbele ya watu wa nje. Ndivyo nilivyofundwa tangu nilipoolewa na mchungaji. Nikamwekea Fundi pakiti juu ya kitambaa alichokuwa akikikata. Akaisukuma kando kwa ncha ya vidole.

"Mama, nilisimama mbele ya watu nikasema nimepona. Nikimeza leo, si nitakuwa nimewadanganya? Nitakuwa nimemdanganya Mungu?"

"Mungu hana ugomvi na kidonge, mwanangu."

"Basi Mchungaji aseme. Yeye ndiye aliyenisimamisha. Akisema nimeze, nitameza hapohapo, hata bila maji."

Kwa hiyo kazi yangu wiki ile ilikuwa moja tu, kumtoa mume wangu neno moja kinywani. Nilidhani itakuwa kazi ya jioni moja.

Nilianza naye jioni ileile. Bomba bado lilikuwa kavu, tumepanga ndoo tupu mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nikimwambia ameze, watasema na mengine yote niliyohubiri ndiyo hayohayo. Na nyumbani walishasikia."

"Kwa hiyo afe ili nyumbani wasiaibike?"

"Usiseme hivyo, mama." Akainuka akaenda kuhamisha magunia ya watu.

Jumanne tulishinda ukumbini tukiyapanga yale magunia upande mmoja ili pabaki pa kukaa. Hatukusemeshana ila kwa mambo ya vitunguu.

Jumatano homa ikamwangusha mume wangu. Alitetemeka chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo, na mimi nikatafuta vidonge kwenye sanduku letu nikampa na maji ya mwisho ya kunywa. Alivimeza bila kuuliza.

"Mganga hajigangi," nikamwambia. "Mbona wewe hukuombewa kwanza?"

Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia. Aligeukia ukuta, akasema, "Nikipata nguvu nitakwenda." Nilimpenda sana saa ile. Nilifikiri vita vimekwisha.

Ijumaa alisimama, amekonda, shati likimpwaya, tukaenda pamoja. Mlangoni kwa Fundi tuliwakuta wanawake wa mtaa wa pili wamekaa chini. Walikuwa wamesikia habari za muujiza, na mmoja wao alimpakata mtoto mwenye miguu iliyolegea. Fundi akaruka kutoka kwenye cherehani, uso unang'aa. "Ndiye huyu! Ndiye huyu aliyeniombea!"

Nilimwona mume wangu akifungua kinywa. Nilikuwa nyuma yake, nikamfinya mkono. Akawatazama wale wanawake, akamtazama mtoto, kisha akapiga magoti akaomba. Aliomba vizuri, na hilo ndilo lililonichoma. Pazia lilisogezwa, Kinyozi akachungulia, akanipungia mkono akarudi kwa mteja wake.

Njiani nilimpa mume wangu maneno ambayo mke wa mchungaji hapaswi kuyajua. Tulipofika nyumbani akasema, "Jumapili. Nitasema mbele ya wote." Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamwambia, na nikaenda kulala bila kula.

Jumamosi maji yakatoka. Mtaa mzima ulifua, nasi tukafua, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikajikuta naimba.

Mchana Kinyozi alikuja kwetu. Alikuwa na aproni yake ya kazi, imejaa nywele za watu. Fundi alikuwa anafua uani, peke yake. Alianguka, uso ukaingia ndani ya beseni. Kinyozi alikuwa ndani anamnyoa mtu, wala hakusikia kitu. Aliyaeleza hayo yote taratibu, kama anayetoa maelekezo ya njia, halafu akamgeukia mume wangu.

"Wanasema ulimponya. Njoo basi, Mchungaji. Amelala pale sebuleni. Ukimwamsha nitasali kwako mpaka nife."

Hakuwa anakejeli. Mume wangu akakaa kizingitini.

"Sikumponya mimi," akasema. "Zilikuwa dawa. Aliziacha kwa ajili yetu."

Ndilo lile neno nililolidai wiki nzima.

"Aliziacha?" Kinyozi akasema. "Aliniambia anameza."

Akanigeukia mimi. "Mama, ulijua?"

"Nilijua. Nilikuja kumsihi. Jumatatu nilikuja, na jana tulikuja."

"Jumatatu nilikuwepo. Tulitaniana." Akafikiri kidogo. "Na jana nilikuwepo."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia mimi? Ningezisaga nikamtilia kwenye uji. Asingejua, na Mungu wake asingemlaumu."

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli, na aliendelea kusimama pale mlangoni akingoja nimjibu.